Somo Yake Alikaa Ndani ya Kuyu

Unguja haina mwaloni hata mmoja, na hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuwa nao. Jambo hili halikumzuia Mwingereza mmoja, aliyeletwa mwishoni mwa ukoloni kuchunguza wadudu wa mikarafuu, kuwa mtaalamu wa nyigu wa mialoni. Kwao alikuwa ametumia nusu ya umri wake kupasua vivimbe vinavyoota kwenye majani ya mti huo, ambamo hukaa nyigu wadogo kuliko punje ya ufuta. Huku alikuta karafuu. Aliichunguza kama alivyotakiwa, akaandika ripoti, na kazi zikisha akatafuta kitu cha kumkumbusha kwao. Alikipata ndani ya kuyu.

Kuyu, kwa asiyewahi kulipasua, ni tunda lililojaa maua kwa ndani. Nyigu huingia humo akataga, na ua lililotagiwa huvimba likawa kichumba. Mwingereza alipopasua la kwanza aliona vivimbe, na ndani ya vivimbe akaona nyigu wasio na mbawa. Mialoni ya kwao nayo ina nyigu wa kike wasio na mbawa. Mtu aliye ugenini huona jamaa zake kila mahali.

Aliyempandia mkuyu alikuwa Borafya Machano, mtumishi katika maabara ya kilimo nje kidogo ya mji, mzaliwa wa Fumba aliyehamia Ng'ambo, mtu mrefu asiyekuwa na haraka. Mkuyu wenyewe ulikuwa kwao Fumba, kando ya kisima kilichokauka, na wenyeji hawakuupanda kwa kuwa ulikuwa na wenyewe wasioonekana. Borafya aliupanda. Alikuwa akilipwa na serikali, na ilijulikana kwamba mizimu haishughuliki na watu wa serikali.

Mwaka 1962 jarida moja la London likatoa maelezo ya jenasi mpya, yaani ukoo mpya wa nyigu, ambao Mwingereza aliwatia katika jamaa ya wale wa mialoni. Rafiki zake wote walikuwa wameshapewa nyigu wa kuitwa kwa majina yao, mkewe pia, na mkewe wa kwanza. Safari hii aliangaza huku na huku, akamwona Borafya anapangusa meza. Jenasi ikaitwa *Borafyella*. Borafya alielezwa kwamba jina lake litakaa vitabuni kwa muda wote vitabu vitakapokuwepo. Akauliza kama huyo mdudu ana madhara. Akaambiwa hana. Akaridhika.

Kwa watu wa huku, mwenye kuitwa kwa jina lako ni somo yako. Somo hutaniwa, huletewa zawadi sikukuu, akivunja kikombe cha watu lawama hupewa mkubwa wake, na akikua ndiye anayelibeba jina pale mwenyewe asipoweza kulibeba tena. Borafya na mkewe Mwanaasha hawakujaaliwa mtoto. Walizunguka hospitali, wakazunguka kwa waganga, kisha wakaacha kuzunguka. Kwa hiyo Borafya alipopata somo, hata wa namna ile, alilifunga jarida katika kitambaa akaenda nalo Fumba kumwonesha shangazi yake. Hapo ndipo alipokosea.

Shangazi yake, Bi Biasha, ndiye aliyegawa majina ya watoto katika nyumba ile. Hakuna aliyekumbuka nani alimpa kazi hiyo, na yeye hakuona haja ya kukumbushwa. Sheria yake ilikuwa moja: kila mtu mzima apate somo mmoja kabla mwingine hajapata wa pili. Wazee walikuwa na zamu zao, na zamu ya mwaka ule ilikuwa ya Borafya.

"Una nini hicho?" aliuliza baada ya kuamkiwa. "Cha kuliwa?"

"Si cha kuliwa, shangazi. Nshapata somo."

Akamfungulia ukurasa. Bi Biasha alisoma herufi za Kiarabu tu, lakini alifuata kidole cha mpwa wake mpaka penye jina.

"Mbona Mzungu kalitia mkia?"

"Ndivyo wanavyofanya wao."

"Na mwenyewe yuhai?"

"Wako wengi. Wamejaa mkuyu mzima."

"Basi umeshapata," alisema Bi Biasha, akamrudishia jarida. "Tena wengi. Zamu yako imepita. Anafuata Ame."

Borafya alicheka, akidhani ni utani. Bi Biasha aliendelea kuchambua dagaa.

Januari 1964 Mwingereza aliondoka na masanduku yake ya nyigu, na kisiwa kizima kikaanza kupewa majina mapya. Shule zilibadilishwa majina, na hospitali, na mitaa, na watu waliolala wa aina moja wakaamka wa aina nyingine. Ndani ya kuyu hakuna aliyepewa taarifa. Mwaka huohuo alizaliwa mtoto wa kiume katika nyumba ya Fumba, akaitwa Ame, jina la mdogo wake Borafya. Baadaye akazaliwa mwingine, akaitwa Jecha, jina la binamu. Borafya alihudhuria akika zote mbili, akala wali, akarudi mjini.

Hakulalamika. Alikuwa ameshajisifu mno hata kulalamika kukawa kugumu. Barazani kwake, nyuma ya mahali ambapo majumba marefu ya Michenzani yalikuwa yanaanza kupanda, kila mgeni alisimuliwa juu ya somo wa Borafya aliyewekwa London ndani ya sanduku la kioo. Aliyefaidi zaidi simulizi hiyo ni Miraji, binamu yake mwingine, fundi cherehani wa Darajani, mtu wa maneno mengi na pini mdomoni. Miraji akifika kunywa kahawa lazima aulize: somo hajambo? Kala nini leo? Mbona sisimizi wamekaa kikao kule chini ya mkuyu, au ndiyo wanamzika? Borafya hujibu kwamba somo yake anajulikana Ulaya, na kwamba Miraji hajulikani hata Bububu. Miraji hakukasirika. Zamu iliyofuata, baada ya Jecha, ilikuwa yake.

Mwaka 1970 akaja Bi Gerda. Mumewe alikuwa mmoja wa mainjinia wa Ujerumani Mashariki waliokuwa wakijenga yale majumba, na yeye mwenyewe alikuwa daktari wa wadudu ambaye serikali mbili zilishindwa kumpangia kazi. Akapewa meza katika maabara anayopangusa Borafya. Alikuwa amejifunza Kiswahili Leipzig, na alikisema kwa ukamilifu wa kutisha. Katika kila neno silabi zote zilihudhuria. Watu wa maabara waliozoea kusema nnakwenda na nshakula walijikuta mbele yake wakikaa wima.

Kabatini alikuta jarida la 1962 na vichupa alivyoviacha Mwingereza. Alikaa navyo wiki kadhaa. Kisha siku moja akaomba Borafya aketi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika chumba kile.

"Ndugu Borafya, ninasikitika kukuarifu kwamba *Borafyella* hayupo."

"Kenda wapi?"

"Hakwenda popote. Hakuwahi kuwepo."

Alimweleza polepole. Mwingereza alimdhani yule nyigu kuwa wa kike kwa sababu hana mbawa, kama wale wa mialoni. Kumbe ni wa kiume. Nyigu wa makuyu ndivyo walivyo: mke ana mbawa na mume hana, na hawafanani hata kidogo, mpaka mtu asiyewakuta pamoja hawezi kujua kwamba ni watu wa nyumba moja. Mke wa huyu alikuwa ameshapewa jina la ukoo na mtaalamu mwingine tangu karne iliyopita. Kwa hiyo jina la zamani ndilo jina, na *Borafyella* ni mume wa nyigu anayejulikana. Ila hakuweza kuliandika hilo kwa kudhani. Ilimbidi awapate wote wawili ndani ya kuyu moja, na kuyu lenyewe litoke katika mti uleule wa Mwingereza. Fumba ina mikuyu mingi. Je, Borafya angeukumbuka?

Borafya alisema atajaribu kuukumbuka mpaka kesho. Aliukumbuka pale pale, mpaka tawi alilokanyaga.

Nyumbani alimkuta Mwanaasha anakuna nazi. Akamsimulia yote kwa uchungu: miaka yote hii, kumbe mume wa watu, na sasa anatakiwa yeye mwenyewe aende kuonesha mti, kama mtu anayempeleka polisi kwenye nyumba ya ndugu yake. Alisema atamwambia Mjerumani kwamba mti ulikatwa.

Mwanaasha hakuacha kukuna.

"Kama hayupo," alisema, "basi hukupata."

"Sikupata nini?"

"Somo. Shangazi yako kakuruka zamu kwa kitu ambacho hakikuwepo."

Borafya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wanu ana miezi mingapi?" aliuliza baadaye.

Wanu alikuwa binti wa Ame mkubwa, mdogo wake Borafya, mjamzito wa mimba yake ya kwanza, na Mwanaasha alijua hesabu zake kuliko Wanu mwenyewe. Alijibu kwamba wakati upo, lakini si wa kuchezea.

Habari haikuchukua muda kufika Darajani. Fundi Miraji alifunga cherehani mchana, jambo asilolifanya hata bei ya kitambaa inaposhuka, akaja mpaka mlangoni kwa Borafya. Hakuuliza somo hajambo. Aliingia moja kwa moja katika sayansi. Alisema jina lililoandikwa London haliwezi kufutwa na mke wa mjenzi wa nyumba. Alisema Mwingereza yule alikuwa mtu wa haki, na kwamba mdudu asiye na mbawa ni mdudu wa peke yake, mtoto mdogo anajua. Ilisemekana baadaye kwamba duniani kote hakuna aliyeitetea jenasi ile kwa moyo kama Miraji, ambaye hakuwahi kuiona.

Kisha Miraji alishusha sauti. Kwani lazima uwe mti uleule? Mkuyu ni mkuyu. Amwoneshe Mjerumani ule wa Bweleo, ambao hauzai vizuri, na mambo yabaki yalivyo: yeye Borafya na somo yake wa London, heshima tupu, na yeye Miraji apate wake mmoja wa kumpelekea kanzu sikukuu.

"Wewe utapata tu," Borafya alisema. "Nyuma yangu."

"Mie mtu mzima, Borafya. Nina kikohozi."

"Nami nimekohoa miaka minane nikingoja."

Wakaenda Fumba kwa gari ya serikali, Borafya, Bi Gerda na dereva. Borafya sasa alikuwa mtu wa kukaribia hamsini, na mizizi ya mkuyu ilikuwa imepanda juu tangu safari ya mwisho, au miguu yake imeshuka. Alipanda. Alichuma makuyu yaliyolainika kidogo, akayashusha ndani ya mfuko wa kitambaa cha chandarua. Bi Gerda alilipasua moja juu ya boneti, akaliweka chini ya hadubini ndogo ya miguu mitatu, akatazama muda mrefu. Kisha akasogea pembeni.

"Tazama, ndugu. Wote wamo."

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpa Borafya hadubini. Alikuwa akiipangusa tu. Aliinamisha jicho. Aliona vichumba vimepangwa kama vya majumba ya Michenzani, na juu yake vinatembea vitu viwili vya rangi ya asali, virefu, vichwa vikubwa, macho kama alama ya kalamu, mbawa hakuna. Walikuwa wakitoboa kuta za vyumba, wakiingiza mikia, wakitoka, wakienda cha pili. Katika chumba kimojawapo akaona kitu cheusi chenye mbawa zilizokunjwa, kinangojea.

Bi Gerda alimfafanulia. Mume ndiye anayezaliwa kwanza. Anawaendea wake kabla hawajatoka vyumbani. Kisha waume hukusanyika, wakatoboa tundu katika ganda la kuyu, na wake hutokea hapo wakaruka kwenda mti mwingine.

"Na yeye hutoka lini?" Borafya aliuliza, jicho bado liko chini.

"Hatoki. Akimaliza kufungua mlango, anakufa ndani."

Borafya aliendelea kutazama mpaka dereva akapiga honi. Alimweleza Mwanaasha baadaye kwamba yule nyigu alikuwa mfanyakazi mzuri. Mwanaasha alisema mwanamume asiyetoka nyumbani na anayefungua mlango bila kuombwa alistahili jina kubwa zaidi.

Baada ya siku chache Bi Gerda alikuwa ameandika anachotaka kuandika, na Borafya akamwomba jambo ambalo Leipzig hawakumfundisha: aje Fumba aseme hayo mbele ya shangazi yake. Bi Gerda alikubali. Alivaa gauni refu na kilemba, akabeba kichupa.

Bi Biasha aliwakaribisha ukumbini, kwenye mkeka. Ame alikuwepo kama baba wa Wanu. Miraji naye alikuwepo, amekuja kwa basi, kavaa kanzu mpya na koti, kama anayekwenda kortini. Bi Gerda alisema "Shikamoo" kwa herufi zote, akaitikiwa "Marahaba" kwa jicho la kupima. Akaeleza. Bi Biasha alisikiliza akitafuna tambuu, asimkatize hata mara moja, na alipoonyeshwa kichupa alikiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, akakirudisha.

"Nnataka kujua jambo moja," alisema. "Kafa, au hakuwepo?"

Kila mtu mkekani alijua uzito wa swali. Marehemu mzee Pandu, kaka mkubwa wa Bi Biasha, aliwahi kupata somo aliyefariki kabla ya kutambaa, na hakurudishwa kwenye zamu. Alipata, Mungu kachukua, hesabu imefungwa. Mzee Pandu alizikwa bila wa pili.

"Kafa," alisema Miraji upesi. "Innalillahi. Mwenyewe nilimwona anaambatwa na sisimizi."

"Sikukuuliza wewe."

"Nyigu yupo," alisema Bi Gerda. "Jina ndilo lililokosewa. Alikuwa na jina jingine kabla."

"Basi jina limefutwa."

Hapo Bi Gerda alisita. Alikuwa mtu mkweli, maradhi yasiyo na dawa. Alisema kwamba, kwa kanuni za elimu yao, jina lililokwisha kuchapishwa halifutwi. Litaandikwa chini ya jina la kwanza, kwa herufi ndogo, na litabaki hapo daima.

Miraji alipiga goti lake kwa kiganja. Akageuka kwa Ame, akageuka kwa Borafya, akawaomba washuhudie: daima, kasema mwenyewe, Mjerumani, daima. Borafya alitazama ukili wa mkeka.

Bi Biasha aliisogeza tambuu upande wa pili wa shavu.

"Hilo la chini," alisema, "nani analiita?"

"Hakuna anayeliita, bibi."

"Hata mtu mmoja?"

"Hairuhusiwi."

"Jina lisiloitwa na mtu ni maandishi," alisema Bi Biasha. "Mie nnagawa majina." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Lakini sikiliza, Borafya. Kama unarudi kwenye zamu, unarudi mikono mitupu. Nisisikie tena hadithi ya London, si hapa si barazani kwako. Hapati mtu wawili. Nambie mbele ya hawa: una somo?"

Lilikuwa neno la silabi mbili, na Borafya alilichukulia muda. Bi Gerda alisema baadaye kwamba alidhani hakusikia swali.

"Sina," alisema Borafya.

"Basi zamu yako."

Miraji alivua koti, kwa kuwa kulikuwa na joto na halikuwa na kazi tena. Aliomba iandikwe kwamba anayefuata ni yeye. Bi Biasha alimwambia kwamba yeye haandiki.

Wanu alijifungua mtoto wa kiume wakati foleni za mchele zilipokuwa ndefu mjini, kwa hiyo akika ilikuwa ya mihogo kwa sehemu kubwa. Yeye na mumewe walikuwa wamependa jina la kisasa, lenye maendeleo ndani yake. Bi Biasha alilisikiliza, akasema ni zuri, akamwita mtoto Borafya. Borafya mkubwa alipewa ampakate. Mtoto alimtazama kwa macho ya mtu aliyeletwa mahali bila kuulizwa, kisha akalala. Miraji alileta kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe. Ilikuwa imepindwa vizuri sana, na alimwambia kila mtu kwamba alikuwa ameianza zamani kwa ajili ya mwingine.

Kazi ya Bi Gerda ilitoka Berlin mwaka uliofuata. *Borafyella* limo, mstari wa tatu, kwa herufi ndogo. Yeye na mumewe walikuwa wamesharudi kwao.

Mwaka 1972 mwalimu mmoja kijana, aliyesikia habari nusunusu, alikuja Michenzani kumtafuta mzee ambaye nyigu wameitwa kwa jina lake. Alimkuta barazani na mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, ambaye alikuwa amevunja kikombe cha mwenye kahawa, na mwenye kahawa alikuwa anamlaumu mzee, kama ipasavyo. Mwalimu aliamkia, akauliza kwa heshima kama ni kweli kwamba ana somo huko London.

Borafya aliokota vigae kimoja kimoja, mtoto asije akavikanyaga.

"Wamekudanganya, mwalimu," alisema. "Somo yangu ndiye huyu. Yule alikuwa mume wa mtu."